Mlinzi wa Robine ya Bluu

Chancelvie, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Régine, ni fundi wa frigo, majokofu. Watu wakisikia hivyo wanacheka kwanza, halafu wanamtazama mikono, halafu wananyamaza, kwa sababu mikono yake ina makovu ya kuchomelea kama ya mwanaume yeyote wa kazi ile. Anakaa kwangu Makomeno tangu amalize masomo, na baraza yangu imegeuka atelie, karakana yake. Mtu akija kunisalimu, lazima aruke kwanza mashine mbili za frigo na gunia la mabomba ya shaba.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza. Hewa ilikuwa nzito, ungeweza kuikamua kama nguo. Barazani kulikuwa na frigo moja kubwa, ile ya kulala inayofunguka kwa juu, mali ya Mama Huguette anayeuza samaki wa barafu kwenye soko la Ruashi. Huguette ndiye kiongozi wa kina mama wa samaki. Wako tisa, kila mmoja na frigo yake, na frigo zote tisa ni za zamani, zinakohoa. Siku aliyoileta alimwambia Chancelvie mbele yangu:

"Sikiya, mutoto. Fundi Lucien alitengeneza hii frigo mara tatu. Inafanya baridi masaa mbili, kiisha inalala. Inaamuka, inalala tena. Ukiiweza, frigo yote ya bamama inakuwa kazi yako. Ukishindwa, njo basi, tunarudia kwa banaume, na usitukasirikie."

"Siwezi kukasirika, mama. Munaitaka siku gani?"

"Samedi, saa kumi ya mangaribi. Samaki inafika dimanche, kesho yake."

Basi hivyo, Jumamosi saa kumi. Frigo moja, na nyuma yake frigo nane, na nyuma ya hizo nane jina la mjukuu wangu.

Ugonjwa wenyewe Chancelvie alikuwa ameshaujua. Alinieleza huku tunachambua sombe, majani ya muhogo. Kambo ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

"Kambo, Lucien alifungua bomba, hewa ikaingia. Na hewa ya mvua iko na maji ndani. Aliivuta dakika kumi tu, akaweka gazi, akaenda. Maji ikabakia. Sasa mule ndani kuko katundu kadogo sawa vile tundu ya sindano. Maji ikifika pale inaganda, inaziba, frigo inakufa. Barafu ikiyeyuka, frigo inafufuka."

"Na wewe utayatoaje maji yaliyo ndani ya bomba lililofungwa? Utaingiza kitambaa?"

"Nitaichemusha."

"Kwa moto gani?"

Akatabasamu. Anajua napenda mafumbo, nilimlea nayo. "Fumbo, Kambo."

"Lete."

"Chungu yangu inachemka bila moto, na muvuke yake haiunguze muntu."

Nilitafuta mpaka sombe ikaisha. Nilisema jua, nilisema hasira, nilisema pombe ya mahindi. Akasema hapana, ni maji ndani ya bomba linalonyonywa na pompi. Hewa inayotuzunguka inakandamiza maji, ndiyo maana yanataka moto mwingi yachemke. Ukiinyonya hewa yote, maji hayana kitu cha kuyakandamiza, yanachemka hata yakiwa baridi, yanageuka mvuke, na pompi inautoa nje. Nilikubali kushindwa. Tangu siku hiyo nimewategea fumbo hilo watu wa mtaa mzima, na hakuna aliyeliweza.

Jumamosi ile asubuhi alikuwa ameshamaliza kuchomelea. Alibadilisha kile kichujio cha shaba kinachokunywa maji, akapima viungo kwa povu la sabuni, hakuna kilichopuliza. Akaunga pompi yake. Ni kitu cha ukubwa wa sanduku la mtoto wa shule, kinanguruma kama mtu mnene aliyeshiba. Kutoka pompi mpira wa manjano ulikwenda kwenye vipimo viwili vya mshale, vyenye sura ya saa, na kutoka pale mpira wa bluu ulikwenda kwenye frigo. Pembeni aliunga kisanduku kidogo chenye namba.

"Mushale usiuamini," aliniambia. "Unashuka dakika kumi za kwanza, na Lucien anaachia pale. Namba njo inasema kweli, hewa ngapi imebakia ndani. Lazima ishuke chini ya mia tano. Kiisha tunafunga, na isipande."

Namba wakati ule ilikuwa elfu nne na kitu.

Halafu akagundua chupa yake ya gazi imebaki nyepesi. Ilibidi aende mjini kununua nyingine. Akatazama pompi, akanitazama mimi.

"Kambo, unaweza kuchunga?"

"Nilichunga batoto saba na baba yao. Pompi itanishinda?"

"Kazi ni moja tu. Courant ya umeme ikikatika, funga hii robine ya bluu palepale. Pompi ikisimama na robine iko wazi, bomba inakunywa hewa ya inje, inakunywa na mafuta ya pompi. Fanya nione."

Nilifunga ile koki, nikafungua. Alinirudisha mara tatu kama mwalimu.

"Usiondoke hapa hata kama nani anakufa."

"Na kama njo miye nakufa?"

"Funga robine kwanza."

Akaenda. Nilikaa kwenye kigoda changu, macho kwenye namba, kuku wangu mmoja akizunguka kati ya mipira akitafuta mchwa. Elfu tatu na mia mbili. Elfu mbili na mia sita. Ilishuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, na mimi nilishuka nayo. Ilipofika elfu na mia nne nilianza kujisikia fundi.

Hapo ndipo niliposikia mlangoni kwa nje: "Hodi! Hodi humu!"

Sauti ya Gauthier. Mukwe wangu, mume wa Régine, baba yake Chancelvie.

Kwetu, watu waliotoka kaskazini, kuna buko. Mama na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, hatupishani njiani. Mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Si uadui. Ni heshima, tena kubwa. Gauthier ana miaka ishirini na minane kwenye ukoo wetu, na uso wake nimeuona labda mara nne, moja ikiwa kwenye picha ya ndoa. Akija, mimi naingia ndani, yeye anakaa nje anamngoja mtoto wake. Imekuwa hivyo siku zote. Kwa hiyo aliposema hodi mara ya tatu, miguu yangu ilikuwa imeshafika jikoni kabla kichwa changu hakijauliza kitu.

Nilisimama nyuma ya pazia. Nikamwona akiingia, mgongo wake tu, na gunia la muhogo mkavu kutoka kwao Lukafu begani. Akaliweka chini. Akakohoa ili nijue amefika. Nikakohoa ili ajue nimejua. Akakaa kwenye kigoda changu, ambacho bado kilikuwa na joto.

Nilijisemea, umeme umekaa vizuri tangu alfajiri, leo hautakatika.

Pompi ikanyamaza.

Sijui kama umewahi kusikia kelele fulani kwa saa nzima halafu ikatike. Ukimya wake unapiga masikio. Redio ya jirani nayo ilikuwa imenyamaza. Niliiona robine kutoka pale nilipo, bluu, hatua sita, na mukwe wangu amekaa pembeni yake mikono magotini, anatazama mvua inayojikusanya.

Nitoke? Haiwezekani. Nimwite? Kumwita mukwe, tena kwa kumpa amri? Nilishika rozari. Nilisema, nikimaliza Salamu Maria kumi umeme utakuwa umerudi, au Chancelvie atakuwa amefika. Nilisali kumi, pole, si za kukimbiza. Umeme haukurudi. Chancelvie hakufika. Nikasali nyingine kumi, na zile sikuzisali vizuri.

Ndipo yule kuku akapita mbele ya Gauthier.

"We kuku," nilisema kwa sauti, "kama ungekuwa na mikono, ungefunga ile robine ya bluu."

Mukwe wangu akashtuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama kuku. Gauthier si mjinga.

"Kuku," alijibu kwa heshima yote, "ulizia mama, mu hii bintu yote, robine njo gani?"

"Kuku, mwambie ile kichwa ya bluu pembeni ya saa. Azungushe kwa mukono ya kuume mpaka igome."

Akainama. "Kuku, imegoma."

"Kuku, mwambie aksanti."

Kuku akaenda zake uani, hakujali.

Muda si mrefu umeme ukarudi, pompi ikanguruma. Nikamtuma tena kuku, ambaye hakuwepo, robine ifunguliwe. Nilichungulia ule mshale. Ulikuwa umerudi kukaa chini kabisa, pale ulipokuwa kabla umeme haujakatika. Nikapumua. Nikajisemea, ni dakika chache, hakuna kilichoharibika. Namba sikuiona, ilikuwa mbali, na ukweli ni kwamba sikujitahidi kuiona.

Saa sita Chancelvie alifika na chupa yake. Alifurahi kumkuta baba yake, akapiga goti, akasalimia, akauliza habari za Régine na za mashamba. Halafu akauliza kwa juu ya bega, kuelekea pazia:

"Kambo! Huku yote muzuri?"

"Muzuri," nilisema.

Neno moja, nalo likatoka haraka. Gauthier alitazama viatu vyake. Angesema nini? Ampinge mama mukwe mbele ya mtoto?

Chancelvie akakaa mbele ya namba. Elfu na mia saba. Akangoja nusu saa. Elfu na mia saba. Akapaka sabuni kwenye kila kiungo, akasogeza jicho mpaka pua inagusa bomba. Hakuna povu. Akangoja nusu saa nyingine. Elfu na mia sita na tisini. Nilikuwa nyuma ya pazia na sufuria mkononi, sijui nilitaka kupika nini.

"Kuko fasi inavuja," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. "Nimechomelea vibaya. Iko kiungo inavuja, na siioni."

"Labda ngoja kidogo," Gauthier alisema.

"Papa, saa inaenda. Ingekuwa muzuri, ingekuwa imeshuka tangu zamani." Aliinua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma. "Walisema mukono ya mwanamuke inatetemeka kwa moto. Labda ni kweli."

Akachukua msumeno mdogo wa kukatia bomba. Akaurudisha chini. Akachukua telefone.

"Acha nimwambie Mama Huguette mapema airudishe kwa Lucien. Heri nimwambie miye, asije kunikuta ninakata kata."

Vidole vyake vilikuwa vinatafuta jina la Huguette.

"Usipige!" nilisema. "Chancelvie, usipige, na usikate!"

Gauthier aliposikia sauti yangu inakaribia, alijigeuza akatazama ukuta, viganja juu ya macho kama mtoto anayecheza kujificha. Mimi nilijifunika kitenge kichwani, nikatoka. Nilisimama mbele ya mjukuu wangu na nikamwambia yote. Baba yake, pazia, umeme.

Hakupiga kelele. Aliuliza: "Dakika ngapi?"

"Makumi mawili ya rozari. Kiisha kuku."

"Kuku gani?"

Kutoka ukutani mukwe wangu akasema, bado amefumba macho: "Kuku alichelewa kusema."

Chancelvie alicheka, hakupenda, lakini alicheka. Halafu kicheko kikaisha, akasema: "Kambo, ungeniambia saa sita, sasa tungekuwa tunamaliza. Nilikuwa nimeanza kuamini nimeshindwa."

Hilo liliniingia. Nilistahili.

Akasimama. Alikuwa mtu mwingine. Akafunga robine, akazima pompi, akaniita nitazame namba pamoja naye. Ilipanda: elfu mbili, elfu mbili na mia tatu, na mia tano. Ikapungua mwendo. Ikasimama palepale, kama mtu aliyefika kwake.

"Unaona? Kama bomba ingekuwa na tundu, namba ingepanda bila kuchoka, sababu hewa ya inje haina mwisho. Hii imesimama. Ni maji tu, maji ya mvua imeingia." Akagusa kiungo alichotaka kukikata. "Mikono yangu iko muzuri."

Alisema hivyo mara mbili.

Akafungua pompi chini, mafuta yakatoka meupe kama chai ya maziwa; yalikuwa yamekunywa maji. Akaweka mapya, akawasha pompi tena. Akaniambia niwashe mbabula, jiko letu la makaa, tuchemshe maji, sufuria zote za nyumba. Tukazipanga ndani ya frigo na kufunika, ili mabomba yapate joto na unyevu uliolala humo uamke utoke. Gauthier alihamia nyuma ya nyumba akawa anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji, mradi awe na kazi isiyokuwa na uso wangu.

Saa kumi kamili Mama Huguette akaingia, na nyuma yake mtu wa kusukuma chariot, mkokoteni wa mizigo. Hakusalimu vizuri. Alikwenda moja kwa moja kufunua frigo yake. Mvuke ukampanda usoni.

"Yesu wangu! Munapika ndani ya frigo yangu? Muko munasonga bukari?"

"Tunaikausha, mama," Chancelvie alisema. "Haijaisha. Inaomba saa moja tena."

"Nilisema saa kumi. Lucien inamuomba dakika ishirini!"

"Na alirudia mara ngapi?"

Huguette akafunga kifuniko. "Usinijibu vile. Juu ya nini imechelewa?"

"Courant ilikatika."

"Aa! Courant inakatika kwa kila muntu. Fundi wa kweli anaweka mulinzi. Ungekuwa na akili ungeweka mulinzi!"

Chancelvie aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kubeba lawama yangu. Hakunitazama hata kidogo, ili macho yake yasinitaje.

"Mulinzi aliweka," nilisema. "Njo miye. Nilikimbia mukwe."

Huguette akanigeukia. Akasikiliza zile kuni zinazopasuliwa nyuma ya nyumba. "Ule?"

"Ule."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla sijajua kama ni hasira, alikuwa amejishikilia kwenye frigo anacheka mpaka machozi. "Ma Nkandu!" akaniita jina langu. "Miye mwaka iliyopita nilifungiwa mu choo kutoka misa mpaka saa saba! Mukwe alikaa kwa njia na gazeti. Nasikia harufu ya maharagi yangu inaungua, nasema, acha iungue, nitatoka vipi?" Mtu wa chariot naye akacheka, akatazamwa, akaacha. Huguette akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Uso wake ukarudi wa sokoni.

"Lakini frigo yangu haijue buko. Samaki haijue buko. Mutoto, nionyeshe kama iko inapona, ao niipakie sasa."

Chancelvie akatoa sufuria zetu, akavuta kigoda, akamkalisha mbele ya kile kisanduku. "Hii namba, mama. Ikifika chini ya mia tano, nitafunga. Kiisha utaichunga weye mwenyewe dakika ishirini. Ikivuka mia tano, ipeleke kwa Lucien, sitasema kitu."

Namba ilikuwa mia saba na sitini. Tukangoja. Mvua ikaanza, ikapiga mabati, ikaacha. Mia sita. Mia tano na thelathini. Ilipofika mia tatu na themanini Chancelvie alifunga robine, akazima pompi, akarudi nyuma, mikono nyuma ya mgongo.

Huguette aliinama mpaka pua yake inakaribia kioo. Mia tatu na tisini. Mia nne na kumi. Mia nne na thelathini. Mtu wa chariot alikuwa ameacha chariot yake barabarani, amesimama juu ya vidole. Mia nne na arobaini. Mia nne na arobaini. Dakika zikapita, Huguette hata inzi aliyetua kwenye shavu hakumfukuza. Mia nne na arobaini.

"Imekatala kupanda," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Lucien hakunionyeshaka kitu hata siku moja. Anasema tu, mama, imeisha."

Chancelvie akaweka gazi, akaipima kwenye mizani yake ndogo hadi gramu ya mwisho, akawasha. Huguette hakuipakia. Alisema yeye anaijua frigo yake, inadanganya saa mbili za kwanza, na akaniomba bakuli la maji. Akaliweka ndani, akaondoka, na chariot yake tupu nyuma yake.

Kesho yake alirudi kabla ya misa, amevaa vizuri, na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Gauthier alikuwa ameshaondoka na gari la kwanza la Lukafu, kwa hiyo nilikuwa huru barazani kwangu. Frigo ilikuwa imelia usiku kucha sauti moja, bila kukohoa. Huguette akafungua. Akatoa bakuli, akaligeuza juu chini, halikudondosha kitu. Akalipiga na ufunguo wake: ko, ko, ko. Barafu mpaka chini.

Hakumsifu. Akamwita mtu wa chariot, akamfokea aibebe ikiwa imekaa sawa, asiiinamishe hata kidogo. Ndipo akamgeukia Chancelvie, akivaa viatu.

"Kesho, lundi, unakuya kwetu Ruashi na pompi yako, unaanza na frigo ya mwenzetu Kapya. Na robine nitaichunga miye. Bakwe bangu bote beko mbali, Kolwezi."